Spana ya Fundi wa Taa

Miaka ile uhuru ulipokuwa bado mbichi, njia panda ya Ampisikina, pale Mahajanga, Madagaska, ilikuwa na nguzo ya chuma yenye mkono mrefu ulioning'iniza taa za kuongozea magari juu ya barabara. Fundi wake alikuja kila Ijumaa asubuhi na ngazi begani. Aliipaka nguzo mistari myeusi na myeupe, kila mstari shibiri moja, kisha akapanda kufuta vioo, huku akiimba kasida kwa sauti ya puani. Dereva akipita kwenye nyekundu, fundi aliigonga nguzo kwa spana mara tatu, na mtaa mzima ukageuka kumtazama mkosaji.

Ijumaa moja msafara wa harusi, uliokwenda kwa miguu na ngoma, ulikuta nyekundu. Bi Hachimia, mama wa bwana harusi, akapaza sauti kwa Kingazija, lugha ya kwao Komoro: "Fundi, tupe kijani! Imamu anatusubiri!"

Fundi akashuka ngazi, akafungua kisanduku cha nguzo, akazungusha swichi. Nyekundu ikawaka pande zote. Magari yote yakasimama, hata la mkubwa wake wa kazi, aliyekuwa akipiga honi kwa hasira.

"Piteni, mama. Njia yote ni yenu."

Wakaingia barabarani kwa vigelegele. Naye akainua spana, akaanza kuigonga nguzo, safari hii kwa mdundo wa ngoma yao.