Gurudumu la Mbele Lilikuwa Lake

Habari ilinifikia asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi: fundi wa baiskeli wa mtaa wa Buyenzi, yule mzee mrefu aliyekuwa na karakana nyuma ya msikiti, amefariki, na atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii haina desturi ya kuwalilia waliotutangulia. Wana ndugu zao wa kuwaombea. Huyu namwandikia kwa sababu kuna jambo nilimwahidi kuliandika akiwa hai, nami nikawa naliahirisha wiki baada ya wiki, kana kwamba yeye na mimi tulikuwa na umri wa kuahirisha mambo.

Hakuwahi kusafiri mbali kuliko Uvira, ng'ambo ya mpaka, lakini alijua historia ya kiwanda kimoja cha baiskeli cha Ufaransa kama wengine wanavyojua ukoo wao. Katika ujana wake alifanya kazi kwenye duka la mjini lililoagiza baiskeli hizo, na kila shehena ilipofika alibaki na vitabu vyake vya picha, akavisoma mpaka kurasa zikalegea. Kiwanda kilianza kwa kutengeneza vyerehani, kikahamia kwenye baiskeli, kisha kikaunda timu za mashindano, kikazivalisha jezi ya kijani na kuzipeleka milimani ili watu waone kama chuma chake kinavumilia. Kila timu ilikuwa na kiongozi mmoja. Wengine kazi yao ilikuwa kumkinga na upepo, kumbebea maji, na kumpa gurudumu lao likiharibika lake. Baadaye watu wakanunua magari, kiwanda kikanywea, milango ikafungwa, na jina likauzwa. Siku hizi limebandikwa kwenye baiskeli zinazoundwa bara jingine kabisa. Nilipomuuliza kama hilo linamuuma, alicheka. “Jina banauzisha,” akasema. “Mukono, apana.”

Mkono wake niliuona ukifanya kazi mara nyingi. Siku moja nilimkuta akibishana na kijana mmoja wa wale wanaoshusha ndizi kutoka Bugarama, ambao huteremka mlima ule mrefu na mikungu mitatu nyuma, kwa kasi inayowafanya madereva wa malori washike vichwa. Kijana alitaka kubadilishiwa tairi tu, aende zake.

“Frein yako je?” fundi akamuuliza, akigusa breki ya mbele.

“Inakamata kidogo, muzee.”

“Kidogo ni nini? Frein inakamata ao haikamate. Shuka kwa kinga,” akasema, ameshika usukani wa baiskeli.

Kijana akasema ana haraka, wateja wanamngoja huko Ngagara. Fundi akachukua spana. Alifungua breki zote mbili, akazivalisha raba mpya, kisha akampandisha kijana juu ya baiskeli na kuisukuma kwa nguvu kuelekea ukutani. Kijana alibana breki, na baiskeli ikasimama shubiri moja kabla ya tofali. Kijana alitoka jasho. “Sasa enda,” fundi akamwambia, akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi. Baadhi yenu mmenisifu kwa miaka mingi kwa mbio za baiskeli nilizoshinda nikiwa kijana, kutoka mjini kupanda hadi Bugarama na kurudi. Picha yangu ilitoka gazetini, nimebebwa mabegani. Iliandikwa kwamba nilishinda peke yangu, bila msaada wa mtu. Picha hiyo ilinifungulia mlango wa kazi yangu ya kwanza ofisini, na nimeitundika sebuleni kwangu Mutanga Nord hadi leo.

Ukweli ni huu. Duka lile lilikuwa na timu ya vijana sita, tukivaa jezi zilizofika pamoja na baiskeli. Mimi niliwekwa kiongozi, “chef” kama tulivyomwita, kwa kuwa nilikuwa mwepesi na mwanafunzi wa lycée, yaani sekondari. Yeye alikuwa fundi wa duka, akaongezwa kukamilisha idadi. Siku hiyo miguu yangu ilikuwa mizito. Yeye ndiye aliyefika kileleni kwanza, akaanza kuteremka akiwa mbele yetu sote. Mimi nilimfuata wa pili, na kwenye kona ya tatu gurudumu langu la mbele likapiga jiwe, rimu ikapinda na spoku zikakatika. Nilianguka majanini. Alisikia kishindo, akageuka, akaona. Angeweza kuendelea, nyuma yetu hakukuwa na mtu karibu. Akapanda tena mlima kwa miguu, akikokota baiskeli yake, na kabla sijasimama vizuri alikwisha fungua nati za gurudumu lake la mbele.

“Chukua. We ndo chef. Enda.”

“Na we?”

“Mi ni fundi. Enda, banakuya!”

Nilikwenda. Nilishinda. Aliingia mjini jioni, amebeba baiskeli begani, wakati watu wameshatawanyika na jukwaa linang'olewa mbao. Mwandishi wa gazeti aliponiuliza habari za safari, nilimweleza juu ya upepo, juu ya baridi ya kileleni, juu ya mapafu yangu. Juu ya gurudumu sikusema. Sikudanganya, nilinyamaza tu. Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba kunyamaza kwa namna ile ni uongo uliovaa nguo safi.

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, nilikwenda karakanani kwake nikiwa nimejiandaa kuomba radhi. Nilimweleza yote, huku akinyoosha rimu ya mtu. Alisikiliza hadi mwisho.

“Ulifikiri nilikupa we?” akasema. “Nilipatia timu. Ile kiwanda ndo ilinifundisha vile. Sikujuta hata siku moja.”

Nikashusha pumzi. Lakini alikuwa hajamaliza.

“Ila ungesema,” akasema, macho yake kwenye rimu. “Mara moja tu. Muke yangu alikuwa angali muzima. Angefurahi.”

Nilimwambia nitaandika. “Andika,” akanijibu. Mara ya kwanza nilipoketi kuandika, nikaona bei ya mafuta ina haraka zaidi. Mara ya pili, nikaona uchaguzi. Sasa mnajua yaliyofuata.

Makaburini nilimfuata binti yake mkubwa, mwalimu, aliyekuwa amesimama nje ya uzio na wanawake wenzake. Nilimweleza kisa cha Bugarama mbele yao wote. “Sisi tulikijua, baba,” akasema kwa upole. “Alituambia tukiwa wadogo. Ila alituambia tusikiseme, tusije tukakuaibisha.”

Tunapenda kuandika historia za washindi, na hata viwanda vikubwa hukumbukwa kwa yule mmoja aliyeinua mikono kwenye mstari wa mwisho. Lakini hakuna aliyefika pale kwa magurudumu yake mwenyewe. Katika kila ofisi na kila nyumba kuna mtu aliyesimama kando ya barabara akatoa kilicho chake, kisha akatembea kwa miguu. Pengine hahitaji kulipwa. Anachohitaji ni kutajwa, tena atajwe wakati yeye mwenyewe, na mkewe, na wanawe, wanaweza kusikia. Kama unaye mtu wa namna hiyo, usimngojee mwandishi wa safu. Vaa viatu uende kwake leo, na useme mbele za watu.