Gari la Shangazi na Mguu Wangu wa Kushoto

Mwaka ambao shangazi aliamua kununua gari, Arusha ilikuwa imejaa magari yaliyotumika kutoka Japani. Yaliegeshwa kwenye viwanja ambavyo juzijuzi vilikuwa na mahindi, mengine yakiwa bado na maandishi ya Kijapani ubavuni, na kila moja lilikuwa na dalali wake. Shangazi alisema zamani mtu alisubiri kibali ndipo apate gari, na sasa anasubiri dalali amalize kuongea. Kwa maoni yake, kibali kilikuwa kinawahi.

Shangazi aliuza viazi na karoti sokoni Kwa Mrombo. Alivifuata mwenyewe kwa wakulima wa juu ya Ngaramtoni, kwenye miteremko ya Meru, na kila safari aligombana na mwenye gari la kukodi. Kwa hiyo alitaka gari lake, dogo lakini la kupanda mlima, lenye kubeba viazi siku za kazi na akina mama wa kwaya siku ya Jumapili.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nilimaliza darasa la saba nikakaa nyumbani Machame, kwenye mibuni ya baba. Bei ya kahawa ilipozidi kuanguka, baba aling'oa nusu ya mibuni akapanda nyanya, akaona shamba lililobaki halihitaji watu wawili. Akanisaidia kupata leseni, akanipeleka kwa dada yake na kusema, "Huyu haongei, lakini anaendesha vizuri." Shangazi akaahidi kwamba akinunua gari, dereva nitakuwa mimi. Kabla ya hapo nilibeba magunia. Aliniita bwana harusi, kwa sababu, alisema, nilikaa mbele za watu kama mtu anayesubiri kulishwa keki.

Magari mawili yaliyomvutia yalikuwa kwenye kiwanja kimoja, Themi. Moja lilikuwa jeupe, la gia za mkono, lenye milango mitatu. La pili lilikuwa la kijani, la otomatiki, lenye milango mitano. Bei zake zilikaribiana sana.

"Kununua ni siku moja," shangazi alimwambia dalali. "Kulilisha ni kila siku. Niambie yanakula nini."

Dalali alikuwa kijana wa rika langu, mwenye viatu vyeupe na maneno ya kututosha sisi wawili.

"Shikamoo tena, mama yangu. Hili la kijani linanusa tu mafuta. Halafu angalia, halina klachi. Pleti za klachi hununui maisha yako yote. Na kubwa kuliko yote, halihitaji dereva. Unakanyaga, linakwenda. Mshahara wa dereva, chakula cha dereva, homa za dereva, vyote umeviepuka."

Alisema hivyo akiwa ameniwekea mkono begani. Shangazi akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayepiga hesabu ya chakula.

"Kwenye chakula," alisema, "umesema kweli."

Nilicheka kidogo kwa adabu. Ndani sikuwa na kicheko. Sikuwahi kufikiri kwamba dereva naye anahesabiwa pamoja na oili na matairi. Shangazi akichukua la kijani, mimi nilikuwa narudi kwenye nyanya.

Tulipita kwanza kwa fundi aliyefahamiana na shangazi, kule Olasiti. Alikuwa mzee mcheshi aliyejibu maswali akiwa chini ya gari la mtu.

"La gia nalifungua gia boksi kabla ya chai, nalirudisha kabla ya chakula cha mchana," alisema. "Hilo la otomatiki nalifungua leo, nalifunga Mungu akipenda."

"Na vipuri?"

"Vya la gia viko hapa mjini, hata vilivyotumika. Vya lile lingine utaagiza Dar, uanze maombi."

"Maombi nayaweza," shangazi alisema. "Niko kwaya. Lakini wenzangu wa kwaya wataingiaje nyuma kwenye gari la milango mitatu? Unawajua walivyo."

Fundi aligonga chuma mara mbili chini kule. "Hapo," alisema, "ni bora la milango mitano."

Kwa hiyo hatukutoka na jibu, na shangazi akaamua kuyajaribu mwenyewe. Kila gari lingejazwa mafuta mpaka mdomoni, lipande na magunia ya viazi hadi kwa wakulima wake, lirudi nayo, lijazwe tena kituo kilekile tuone limekunywa kiasi gani. Dalali alitaka kuendesha la kijani yeye. Shangazi akakataa. Alisema dereva awe mmoja kwa magari yote, maana huwezi kulinganisha ng'ombe wawili kwa wakamuaji wawili.

Jeupe halikunisumbua. Lilipanda likiguna, likashuka na magunia bila shida, tukajaza, shangazi akakariri kiasi kilichoingia. Kiwanjani nikahamishia magunia yaleyale kwenye la kijani, na kiroba kilekile cha karoti juu yake, tukaondoka tena. Dalali alikaa nyuma, amebanwa na viazi, akisifu kila kilima.

Sikuwa nimewahi kuendesha otomatiki. Barabara ikiwa wazi haina taabu. Taabu ilianza Ngaramtoni, siku ya soko, watu na mbuzi wakivuka wanavyotaka. Nilipotaka kupunguza mwendo, mguu wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta klachi. Klachi haikuwepo. Ukakuta breki, ukaikanyaga mpaka mwisho kama unavyokanyaga klachi.

Gari lilisimama palepale. Kilemba cha shangazi kilimfunika macho. Karoti zilikuja mbele zote kwa pamoja, nyingine zikampitia dalali shingoni.

"Umeona mbuzi?" shangazi aliuliza kutoka ndani ya kilemba.

"Hapana, shangazi."

"Basi tuendelee."

Tuliendelea, na nikarudia. Nilijaribu kuukunja mguu ule chini ya kiti, lakini tukifika penye watu unachomoka. Mama mmoja mwenye ndizi alituuliza kama gari lina kwikwi. Tulipofika juu na kurudi kujaza kituoni, la kijani lilikuwa limekunywa kuliko jeupe, tena si kidogo.

Dalali alishuka akiondoa udongo wa viazi kwenye suruali.

"Mama, huyu analinda ugali wake," alisema, na wote pale kituoni wakasikia. "Kila akiona mtu anakanyaga breki. Gari gani halitakunywa hivyo? Anajua ukichukua hili hana kazi."

Watu wakanigeukia. Niliangalia chini. Ningenyamaza tu, kazi ingekuwa yangu, na kunyamaza ndicho kitu pekee nilichokuwa nimezoea. Lakini lile gari nilikuwa nimelionea, na nilijua.

"Anasema kweli kuhusu breki," nilisema. "Mguu umezoea klachi. Sikukusudia, ila gari limeonewa. Liendeshe wewe mwenyewe, shangazi, uone."

Tulirudi Themi. Kwenye sehemu ya wazi ya kiwanja shangazi alikaa kwenye usukani kwa mara ya kwanza maishani. Dalali alimwonyesha pa kukanyaga. Gari likaondoka laini, likazunguka, likazunguka tena, na mzunguko uliofuata shangazi alikuwa anapungia watu mkono kama mbunge. Dalali alikimbilia hati. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza nyanya zinapaliliwa mwezi gani.

Shangazi alisimamisha gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma.

"Haya, mwanangu," alimwambia dalali. "Gari bado si langu, lakini viazi ni vyangu. Shusha."

Dalali alitazama magunia, akatazama viatu vyake. "Mama, kubeba si kazi ya dalali."

"Wala si yangu tena. Mgongo wangu ulishamaliza hiyo kazi." Akaufunga mlango taratibu. "Sasa sikiliza. Hili nitaliendesha mwenyewe, halafu nimlipe mtu wa kupakia na kushusha. Huyu wa kwangu anapakia, anashusha na anaendesha, kwa ugali uleule. Na fundi wa hili anamsubiri Mungu. Niandikie jeupe."

"Na kwaya, mama?"

"Wataingia mmojammoja. Mazoezi yatawafaa."

Nilihamisha magunia. Jioni tukashika njia ya Kwa Mrombo, shangazi pembeni yangu, mkoba mapajani. Alihesabu pesa zilizobaki mara mbili, akaufunga mkoba.

"Ile breki," alisema baadaye. "Kweli hukukusudia? Hata mara moja?"

"Hata mara moja, shangazi."

"Na ulisema vile mbele ya watu, ukijua nitakurudisha nyumbani?"

"Nilijua."

Alitikisa kichwa, akanitazama kwa huruma.

"Basi biashara huiwezi," alisema. "Endesha tu."