Papa Léon Anayeogopa Kuku

Mwaka wa pili wa vita treni ya Kabalo ilikuwa imekwishakoma kufika Kalemie. Mtu pekee aliyeendelea kuingoja stesheni kila asubuhi, kofia kichwani na koti limepigwa pasi, alikuwa Papa Léon. Wanawake waliokuwa wakianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, pale ufukweni walimjua vizuri. Walijua anaogopa kuku. Walijua mkewe akigeuka kidogo tu anadokoa samaki chunguni, kisha anamsingizia paka, na kumbe nyumba yao haina paka. Siku moja mama aliyetoroka Moba kwa boti alishuka na mzigo wake akauliza nyumba ya huyo Papa Léon iko wapi, maana sifa zake zilikuwa zimemfikia njiani. Walicheka mpaka wakakaa mchangani. Papa Léon hakuwa na nyumba. Alikuwa akiishi mdomoni mwa Mama Hidaya.

Hidaya alikuwa mjane wa zile familia za Waislamu ambazo mababu zao walifanya biashara ziwani, mwanamke wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Siku mji ulipokimbiwa, kabla watu hawajarudi, alianguka, mkono wake wa kuume ukavunjika, ukaunga kombo. Haukuweza tena kuinua beseni wala kugeuza samaki. Lakini pale ufukweni kulikuwa na desturi yao: anayechangamsha kazi kwa hadithi, wenzake humwanikia fungu lake. Basi Hidaya alisimulia, wenzake wakaanika, na jioni alirudi nyumbani na samaki wakavu kama wengine. Bila Papa Léon, asingekuwa na chakula.

Msimamizi wa ufukwe alikuwa Papa Valère, ambaye wote walimwita Prezida ingawa alichokuwa akikitawala ni mchanga tu. Yeye ndiye aliyegawa nafasi za kuanikia. Alikuwa mtu mwema, mtu wa kanisa, na vita vilimuumiza roho. Asubuhi moja alimwita Hidaya kando, ingawa sauti yake iliwafikia wote.

"Mama Hidaya, huyu muntu yako ni muzuri, lakini anaongopa sana. Tena mwoga. Wakati huu watu wanahitaji mufano. Umutengeneze kidogo."

Hidaya angeweza kubisha, maana ulimi haukumpungukia, lakini alifikiria nafasi yake akanywea. Akamtengeneza. Papa Léon alikiri habari za paka. Akaanza kubebea wajane magunia yao bure. Akasimama mbele ya bunduki bila kupepesa jicho, na kuku nao akawapapasa mgongoni huku akitabasamu. Jamani, mume wa namna hiyo nani angeishi naye?

Wanawake walimsikiliza kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomtia Hidaya wasiwasi. Mouna, jirani yake, ambaye zamani alikuwa akimkatiza kila mara ili aulize kisha ikawaje, sasa alimkatiza ili aulize bei ya chumvi. Wengine wawili walihamia upande wa pili, eti kuna upepo mzuri. Kisha mvua ikaja ghafla kutoka ziwani. Kila mtu alikimbilia samaki wake, na fungu la Hidaya likakumbukwa mwisho, limekwisha kulowa. Kesho yake lilinuka, akalimwaga. Alilia palepale, wala hakujali nani anamwona. Alijua mambo yakiendelea hivyo atatoka ufukweni, na mwenye mkono mmoja atapokelewa wapi?

Asubuhi iliyofuata aliketi juu ya beseni lake la samaki wabichi lililofunikwa akasema bila salamu ndefu:

"Papa Léon amekimbia."

Mouna aliinua kichwa. "Amekimbia nini?"

"Alisikia masasi, bunduki inalia. Akatokea dirishani, na mulango ulikuwa wazi. Bibi yake alimupa unga abebe. Kufika mbali, anaangalia mukononi: kuku!"

"Kuku? Na anamuogopa?"

"Anamuogopa sana! Anamushikia mbali hivi, anakimbia, anapiga kelele: mutu anikamatie huyu!"

Kicheko kilichotoka pale kiliwafikia hata wale waliofuata upepo mzuri, wakarudi mbio. Mouna alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mi nilibeba pasi," alisema. "Pasi! Makaa hakuna, na nguo zote niliziacha."

"Mimi kifuniko," akadakia Florentine, mmoja wa wale waliohama. "Sufuria ilibaki kwenye moto na maharagi yake."

Prezida alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mgongoni. Walipomwona walirudi haraka kugeuza samaki. Papa Valère alikohoa.

"Mimi nilikimbia, bibi yangu, mama ya watoto, nikamuacha nyuma," alisema. "Aliniita. Nikajifanya sisikii."

Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka yeye mwenyewe alipoanza.

Hapo ndipo Agathe alipofungua mdomo. Agathe ndiye aliyewashinda wote kwa kuanika, lakini tangu siku ile ya kukimbia hakuna aliyemsikia akicheka. Aliendelea kutandaza samaki, macho chini.

"Mi nilimusahau mama," alisema. "Nilifika daraja la Lukuga, hapo njo nikakumbuka. Nikarudi. Nilimukuta amekaa kitandani. Ananiuliza: Agathe, ulikuwa wapi? Nikamuambia nilienda kuteka maji." Akatandaza samaki mwingine. "Bila ndoo."

Mouna alibana midomo. Hakuna aliyejua kama ni halali kucheka. Florentine akauliza kwa sauti ndogo:

"Na mama yuko?"

"Yuko nyumbani, anakula kunipita. Mpaka leo, kila asubuhi, ananiuliza yale maji iko wapi."

Sasa Agathe mwenyewe alikuwa akicheka, machozi yanamtiririka, na wenzake wakamwachia acheke mpaka atosheke. Hidaya alimtazama, moyo wake ukajaa.

Agathe alijifuta uso. Akamwambia Hidaya ainuke, akachukua beseni alilokalia, akachota humo samaki wa fungu la Hidaya na kuanza kumwanikia, samaki mmoja mmoja, kwa nafasi.

"Endelea, Mama Hidaya," alisema. "Lakini usimutengeneze tena."