Mtafsiri wa Video Aliyenifichia Kelele Zangu

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Nyasura kuambiwa kwamba yule mzee aliyekuwa akitafsiri video pale Bunda ametutoka, na kwamba amekwisha kuzikwa kwao Bugwema. Wasomaji wangu mliozaliwa juzi hamwezi kumjua. Biashara ilipoanza kufunguliwa baada ya miaka ya uhaba, alivuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya akarudi na deki ya video, televisheni na mkoba wa kanda, akajenga banda la mabati na kukodi jenereta. Filamu zake zilikuwa fujo tupu: mtu mmoja anamaliza jeshi zima, bunduki haiishiwi risasi, gari linaruka mto, damu nyekundu kuliko nyanya. Nyingi zilikuwa za Kichina. Yeye alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti akitafsiri, na Kichina hakujua hata neno moja.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa baraza la wazee wa kanisa letu. Naye alikuwa muumini mwenzetu, mwimbaji wa besi kwenye kwaya. Wazee waliposikia kwamba banda linafundisha watu ukatili, wakataka atengwe, yaani asishiriki meza ya Bwana wala asisimame na kwaya mpaka atubu. Nikatumwa nikaone kwa macho yangu. Niliingia Jumamosi mchana, nimekunja uso, nikakaa benchi la nyuma.

Kwenye filamu, tajiri mmoja mnene alikuwa akiwafokea watu wenye njaa. Mtafsiri akampa maneno: "Sukari hakuna! Mlikuwaga wapi asubuhi? Njooni kesho!" Banda zima likaangua kicheko. Yalikuwa maneno ya msimamizi wa duka letu la ushirika, hayakuzidi wala kupungua. Miaka yote ya foleni tulisimama mbele yake na vikapu vitupu, tukimwamkia kwa heshima, huku tukijua magunia yanatokea mlango wa nyuma. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza akanywa uji mtupu, bila sukari hata kijiko. Sasa steringi, yule shujaa wa filamu, akaingia kwa kupasua ukuta, akamrusha yule tajiri dirishani. Nikajikuta nimesimama juu ya benchi nikipiga kelele, "Mwongeze! Mwongeze huyo!" Watu wakageuka. Mtafsiri mwenyewe akaniangalia, kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Haya, mwalimu kaagiza," na teke lingine likatua.

Wenye elimu husema watu walipenda damu. Mimi naona walipenda kitu ambacho hawakukiona mahali pengine popote: mkosaji anaadhibiwa papo hapo, bila barua, bila kikao, bila kuambiwa rudi wiki ijayo. Upuuzi wa filamu zile ndio uliokuwa utamu wake. Zingekuwa za kweli, tajiri angeshinda.

Lakini mbele ya baraza nilisoma ripoti kwamba video zile ni chafu na zinachochea fujo. Mwenyekiti akamuuliza mtafsiri kama ana la kusema. Nikajua sasa atanitaja. Alinitazama kidogo, akajibu, "Mwalimu ameona yote. Mimi sina la kuongeza." Akatengwa mwaka mzima, na kila Jumapili akawa anakaa karibu na mlango, akiimba besi yake kwa chini. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Akacheka. "Mwalimu, wewe unaogopaga watu sana. Ningekusema, ungekufa. Mimi hata pale mlangoni naimbaga tu."

Kwa miaka mingi nimetumia safu hii kuwasema wakubwa wanaoficha makosa yao, na nimeona raha kufanya hivyo. Funzo la leo ni langu mwenyewe: aliyedhulumiwa asafishwe angali hai, asikie kwa masikio yake. Mimi nimechelewa. Katika banda lile hakuna aliyepiga kelele kunishinda, kisha nikakaa kimya mwenzangu akiadhibiwa. Mjane wake yupo. Jumapili hii nitakwenda Bunda, nisimame kanisani, nimwambie haya mbele ya watu.