Tovuti ya Kahawa ya Mama

Mama alipewa msimu mmoja. Aliyempa ni baba mdogo, kwenye kikao cha ukoo kilichokaa sebuleni kwetu siku chache baada ya Pasaka, yeye akiwa amekalia kiti alichokuwa anakalia marehemu baba. Mibuni imezeeka, alisema, inazaa kidogo, na kuna mtu kule Usa River anatafuta eneo la kulima maharage machanga ya kupeleka nje. Ing'olewe, shamba likodishwe. Mama akaomba. Alisema siku hizi kuna watalii wanaotaka kuona kahawa inavyochumwa, inavyokaangwa na kutwangwa, wanakwenda kwa majirani kule juu kila wiki, na kwamba binti yake anajua mambo ya kompyuta.

Binti yake ni mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, na hakuwa ameniuliza kabla.

"Mpaka Krismasi," baba mdogo alisema. "Wakija wageni, sawa. Wasipokuja, shemeji, tusilaumiane." Kisha akanigeukia. "Na wewe binti yangu, hiyo kompyuta ulisomea wapi?"

"Nilijifunza mwenyewe, baba mdogo."

"Mwenyewe! Haya. Hata gari kuna watu wamejifunza wenyewe kuendesha. Tunawazika."

Walicheka wote, hata mama alicheka kidogo kwa adabu. Mimi nilirudi jikoni na sinia lile lile, vikombe vikiwa bado vimejaa.

Nafanya kazi kwenye steshenari moja Kimandolu. Natoa kopi, nalaminisha vyeti, na zaidi ya yote nawajazia watu fomu za mtandaoni: maombi ya kazi, ya vyuo, ya mikopo ya wanafunzi, ya vyeti vya kuzaliwa. Kutengeneza tovuti nilijifunza hapo hapo, saa za mchana wateja wanapopungua, kwa kuangalia video na kwa kukosea. Sina cheti cha kazi hiyo. Kwa sababu sina cheti, kila ninachofanya nakikagua mara tatu, halafu mara ya nne kwa kuhofia kwamba ile ya tatu sikuwa makini.

Kazi ya fomu ilinifundisha kuogopa kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni namba ya simu iliyokosewa. Mwaka wangu wa kwanza nilimjazia dada mmoja maombi ya kazi nikaruka tarakimu moja. Aliitwa kwenye usaili na simu haikumfikia. Tangu hapo kila mteja namwomba anitajie namba mara mbili, na mimi nazihesabu kwa kidole juu ya kioo: ziwe kumi, ianze sifuri. Mwenye duka hunicheka, anasema nahesabu kama mtu anayegawa nyama.

Tovuti ya mama ilitakiwa kuwa tayari Juni, watalii wanapoanza kuingia kwa wingi. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Kufikia Mei kurasa zote zilikuwepo, kwa Kiswahili na Kiingereza, lakini picha ya mwanzo haikuwa na mlima. Nilitaka kilele cha Meru kionekane juu ya migomba yetu, na mama mbele akiwa na kikapu. Juni mlima ulijifunika. Julai ukajifunika. Nilikuwa napanda nyumbani kila Jumapili na simu niliyoazima, mama anavaa kitenge chake cha kanisani, anashika kikapu kitupu, tunangoja wingu liondoke, haliondoki. "Si uweke tu hii ya wingu?" aliniuliza. "Wao hawana mawingu kwao?" Nilimwambia picha ya kwanza ndiyo inayomfanya mgeni abaki au aondoke. Nilikuwa nimelisikia hilo kwenye video.

Tovuti ilifunguliwa katikati ya Septemba. Mlima unaonekana mzima. Ni picha nzuri sana, na iligharimu miezi mitatu ya msimu wa mama.

Ukurasa niliojivunia zaidi ulikuwa wa mwisho, wenye fomu ya kuomba kuja: jina, siku, idadi ya watu, namba ya simu. Barua pepe sikuiweka, kwa sababu wateja wetu dukani huwa na barua pepe walizofunguliwa na mtu mwingine na hawakumbuki hata nywila. Simu ndiyo kila mtu anayo. Nikaiwekea fomu sharti lile lile la kidole changu. Nilijaribu kwa namba yangu, ya mama, ya mwenye duka, zikapita. Nikaandika kwa makusudi namba yenye tarakimu tisa, ikakataliwa kwa maandishi mekundu: Namba si sahihi. Nilisisimka kabisa. Niliona nimetengeneza kitu ambacho hakitamkosesha mtu nafasi yake tena.

Namba yangu mwenyewe sikuiweka popote. Hili nalo niliseme. Naogopa kupigiwa simu na mtu nisiyemjua, hasa kwa Kiingereza, kabla sijayapanga maneno. Nilitaka wajaze kwanza, nijue ni nani na anataka nini, nijiandae, ndipo nipige mimi.

Baada ya hapo ilibaki kuwapata watu wa kuitembelea. Niliandika kwenye makundi ya wasafiri mtandaoni, nikaweka shamba kwenye ramani, nikachapa kadi ndogo dukani na kuzikata kwa rula. Jumamosi moja nilizipeleka kwa madereva wa watalii wanaokaa karibu na Mnara wa Saa wakingoja wageni wao wamalize manunuzi.

"Sista, karibu ofisini," mmoja alisema, akinipisha kwenye boneti ya gari.

Nilieleza haraka haraka, kama niliyekariri. Shamba la mama, kahawa, safari fupi tu kutoka mjini.

"Mama ana kahawa, wewe una nini?"

"Nina kadi."

Wakacheka. Mmoja aliyekuwa mtu mzima kidogo, mwenye kofia ya kijani, aliichukua kadi akaigeuza mbele na nyuma. "Hapa kuna mtandao tu. Namba ya simu iko wapi?"

"Mgeni anajaza fomu, halafu mimi nampigia."

"Duh! Mgeni yuko kwenye gari langu, ana hamu ya kahawa, nimwambie ajaze fomu? Anaomba pasipoti?"

Walizipokea hata hivyo. Nilirudi zangu Sombetini, kwenye chumba nilichopanga, nikijisemea kwamba hawa hawaelewi mambo ya kisasa. Kwa kweli niliwahurumia.

Tovuti yangu ina ukurasa wa siri unaonionyesha watu waliofika, walikotoka, na kurasa walizofungua. Niliufungua kila baada ya mteja mmoja dukani. Wiki za kwanza karibu wote nilikuwa mimi mwenyewe. Kisha Jumapili moja idadi ikapanda ghafla. Kumbe mama alikuwa amesimama kwenye matangazo ya kanisani, na akina mama wa kwaya wote walikuwa wanaangalia kitenge chake. Mmoja aliijaza fomu. Kwenye nafasi ya jina aliandika: Shikamoo mama wa kahawa, umependeza. Ilifika bila tatizo. Ndiyo maana sikuwahi kuishuku ile fomu, maana nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba inafanya kazi.

Kuanzia Oktoba walianza kufika watu kutoka nchi nyingine. Si wengi, lakini walifika. Walisoma habari za mama, walitazama picha ya kinu, wakaenda mpaka ukurasa wa fomu. Wengine walikaa pale muda mrefu. Kisha waliondoka, na hakuna ujumbe uliokuja.

Sasa hapo mtu mwenye akili tulivu angejiuliza kuna nini kwenye ule ukurasa. Mimi nilijua tayari. Ulikuwa mbaya. Rangi ya kitufe ilikuwa ya kijani kilichopauka, na herufi zilikuwa nene mno. Nikabadilisha kijani. Wakaja wengine, wakakaa, wakaondoka. Nikabadilisha tena. Niliandika upya maneno ya kukaribisha, nikayafuta, nikayarudisha. Nilianza kuamini kwamba mtu wa mbali anaweza kunusa kwenye ukurasa kwamba aliyeutengeneza hakusoma.

Mama naye alikuwa anajiandaa. Alipaka chokaa ukuta wa jikoni. Aliomba mabenchi mawili kanisani. Alimwomba mwalimu jirani amfundishe kuwakaribisha wageni kwa Kiingereza, akawa anajisemea sentensi hiyo akiwa anakata majani ya ng'ombe. Kila Jumamosi alichachusha maziwa na kupika loshoro, mahindi yanayochanganywa na maziwa hayo, ya kutosha watu wengi, wasije wakatokea bila taarifa, na kila Jumamosi jioni aliwagawia majirani. Kwenye simu aliniuliza, "Bado?" Nikasema bado kidogo, mama, narekebisha.

Krismasi ikafika. Watu wa ukoo walirudi kutoka Dar na kwingineko, nyumba ikajaa, kikao kikakaa. Baba mdogo hakupaza sauti wala kunicheka mara hii, na hilo liliniumiza zaidi.

"Binti yangu, wamekuja?"

"Hawajaja, baba mdogo."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akamtazama mama. Mama alisema mwenyewe, kabla hajaulizwa, "Labda kahawa yetu haina la kuonyesha." Alilisema taratibu, kama mtu anayekubali majibu ya kipimo cha hospitali.

Mibuni iling'olewa Januari. Sikwenda. Nilisema kuna kazi nyingi dukani, na ni kweli ni msimu wa maombi, lakini ningeweza kuomba ruhusa.

Mwezi uliofuata yule dereva mwenye kofia ya kijani aliingia dukani kulaminisha kitambulisho. Alinitazama, akanyoosha kidole.

"Wewe si sista wa pasipoti? Wa kahawa?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Nyie mnaringa sana. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa na mama mmoja na mume wake, nikawapa kadi yako. Yule mama akapenda picha ile ya mlima, akasema hapo hapo, twende kesho. Mtandao wako ukamkatalia."

"Ukamkatalia vipi?"

"Anaandika namba yake, inasema si sahihi. Anaandika tena, si sahihi. Mara nne! Namuuliza, mama, hujui namba yako? Anasema anaijua tangu msichana. Mwishowe akasema basi, labda wamefunga. Nikawapeleka kwingine."

Mashine ya kulaminisha ilikuwa inapata moto. Nilikiingiza kitambulisho chake kikatoka na kiputo cha hewa katikati ya uso. Nikamwomba msamaha, nikakikata, nikakirudia.

Alipoondoka nilifungua kompyuta. Mstari wenyewe wa lile sharti ni mfupi: tarakimu kumi, ianze sifuri. Mtu wa ng'ambo huandika namba inayoanza na alama ya kujumlisha na tarakimu za nchi yake. Nilikuwa nimejenga nyumba ya kupokea wageni na kuweka mlangoni sharti ambalo mwenyeji peke yake angeweza kulitimiza. Kuurekebisha hakukuchukua hata muda wa kutoa kopi. Kisha nilikaa nikijaribu kutafuta ni wangapi walikataliwa. Haiwezekani kujua. Fomu huhifadhi inachokipokea tu.

Nilikwenda kumwambia mama Jumamosi iliyofuata. Nilifikiria kutomwambia, tena kwa siku kadhaa. Kilichonisukuma ni ile sentensi yake kwenye kikao.

Nilimkuta uani anachambua maharage ya kula. Nyuma yake, pale palipokuwa na mibuni, kulikuwa na matuta yaliyonyooka na mipira ya maji, na watu wawili nisiowajua wanapulizia dawa. Unaweza kuona mpaka barabarani sasa. Zamani usingeweza.

Nilimweleza polepole. Hakuelewa mara ya kwanza. Nikasema ni kama mtu amefika getini akapiga hodi, akataja jina lake, halafu mimi nikamwambia hilo si jina lako, ondoka.

Aliacha kuchambua. "Walikuwa wangapi?"

"Sijui, mama. Haikuandika."

"Lakini walikuwa wanataka kuja."

"Walikuwa wanataka."

"Kuona kahawa."

"Ndiyo, mama."

Nilitegemea anigombeze. Afadhali angenigombeza. Alipangusa mikono kwenye khanga, akatazama kule kwenye matuta kwa muda.

"Baba yako mdogo anajua?"

"Hapana."

"Usimwambie. Atakuja hapa kucheka, halafu itabidi nimpikie." Akaweka ungo chini, akasimama. "Nionyeshe inavyokataa."

Nilimwambia siwezi kumwonyesha, kwa sababu nimesharekebisha. Sasa inapokea namba ya nchi yoyote.

"Sasa hivi? Mtu akiandika leo, inampokea?"

"Inampokea."

"Na ile picha yangu bado ipo?"

"Ipo."

"Ifunge hiyo tovuti basi," mama alisema, "kabla mtu hajaja."

Mtandao pale uani ni dhaifu, ilibidi nisogee karibu na banda la ng'ombe. Nikaifunga. Alisubiri amesimama mpaka nilipomwambia tayari, ndipo akainama kuokota ungo.