Karanga ya kusaga munayosifu hapa, na ile yenye nilimulisha mudogo yangu mu camp

Wakuu, jambo zenu bote. Mi ni bibi wa Lubumbashi, mutoto wa Bakasai, bantu benye asili ya jimbo ya Kasai, na Swahili yangu ni ya kwetu, mutanivumilia. Sitaongeza chumvi hata kidogo.

Naona munabishana: siagi ya karanga iko muzuri ku mwili ao inadhuru? Mumoja analia na mafuta, mwingine protein, protein.

Hakuna hata mumoja aliuliza ile karanga ililala wapi kabla ya kusagwa.

Ilikuwa wakati jimbo yetu ya Katanga ilijitenga na Congo. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alitumika kazi ku train, mama aliuzisha karanga ya kusaga ku soko. Halafu sisi Bakasai tukakuwa bageni mu muji tulizaliwa. Majirani tuliokula nabo Noeli balitufungia mulango. Tukakimbilia mu camp ya bakimbizi na gunia moja ya karanga.

(Eti majirani! Bengine bangali bazima, tunasalimiana ku misa. Tuache.)

Mama alikuwa na sheria yake. Hakuna karanga kuingia mu kinu bila kupasuliwa katikati, moja moja, sababu kuvu inajificha ndani. Inje iko muzuri, ndani iko kijani. Ile mbaya inatupwa, hata kuku haipewe. Kazi ya kupasua ilikuwa yangu.

Mu camp mvua ikaanza. Maji ikaingia mu hema, gunia ikalowana.

Na mudogo yangu Zozo alikuwa na miezi minane. Maziwa ya mama ilikuwa imekauka na njaa. Uji mutupu Zozo alitema, ya karanga tu ndiyo alimeza.

Nikapasua. Karibu nusu ilikuwa imeoza.

«Tupa, mwanangu,» mama akaniambia. «Usihurumie kintu chenye kuoza.» Akaenda kupanga mustari ya maji.

Mi nikahurumia. Franchement, kusema kweli, njaa ndiyo ilinishauri. Nikaosha zile mbaya, nikaanika, nikakaanga mpaka harufu ikaisha, nikachanganya na nzuri, nikasaga na chumvi. Nilijiambia moto inaua kila kintu. Kopo ikajaa.

Mama aliporudi akashangaa: «Eh! Kumbe nzuri zilibaki mingi hivi?»

Nikasema ndiyo.

Zozo alikula ile kopo wiki kazaa. Alikuwa analamba kijiko, anacheka. Halafu macho ikakuwa njano, tumbo ikavimba, akakataa kijiko. Alifia mu mikono ya mama, asubuhi, bantu bako ku mustari ya maji.

Mama alisema ni maji ya camp. Bote balisema ni maji. Na mi nikasema ni maji.

Miaka mingi kisha, nikasoma kazi ya infirmière, ya uuguzi. Siku moja mwalimu anatufundisha: kuvu ya karanga inaacha sumu, inapiga maini, na moto ya jikoni haiimalize. Nikaweka kalamu chini, nikatoka inje.

Inawezekana ilikuwa ugonjwa ingine. Najua, nimetumika mu hospitali maisha yangu yote. Lakini kijiko nilishika mi.

Basi jibu yangu: karanga ya kusaga ni chakula kizuri, bajukuu yangu banakula. Mwenye mwili yake inakataa karanga, huyo aache kabisa. Bengine, muangalie karanga yenyewe. Yenye kuvu ao uchungu, mutupe. Musioshe, musikaange, musihurumie.

Mama aliishi mpaka uzee. Kila mugeni akiingia nyumbani, alikuwa ananishika mukono: «Huyu ndiye alimulisha Zozo mu camp. Bila yeye, mutoto angekufa mapema zaidi.» Alifariki akinishukuru hivyo hivyo, bila kujua kile nilitia mu kopo.

Munitukane kama munataka, nimezoea kujitukana mwenyewe. Lakini munijibu, wakuu: ilifaa nimuambie?