Polisi walikuja kutuokoa, wakakuta pasi

Leo polisi nusura waue tonton, mujomba wangu, juu ya pasi!

Mutu aliwapigia simu ya uongo, eti kwetu Simi-Simi wameingia wezi wenye bunduki.
Wakavunja mulango. "Mikono juu!"
Tonton alikuwa anapiga shati pasi. Akainua mikono, pasi ingali mukononi.
Paa!
Risasi ikapita karibu na sikio lake, ikaingia ukutani.

Komanda akasema, "Pole, papa. Tutamutafuta mwenye kupiga simu, tumufunge."
Tantine, muke wake, akauliza, "Na mwenye kupiga risasi?"
"Yeye alifuata simu, mama."
"Ah bon! Kumbe simu iko na kidole?"

Wakaenda zao.
Sasa tonton anakataa kushika kitu chochote mukononi, tantine anamulisha na kijiko.

Bandugu, siku tukiingiliwa na mwizi wa kweli, tupigie nani?